Trekta dogo la mtumba: nilichukue au niachane nalo?

Leo safu yote tumewapa watu wa matrekta madogo, maana maswali yamekuja matatu na yote yanazunguka palepale. La kwanza nimelijibu kwa kirefu, mengine mawili mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo mjomba. Nina shamba la ekari 12 kijijini. Ekari 8 hivi ni majani na vichaka, ukivifyeka ukigeuka vimeota tena, ekari 2 nalima, zilizobaki ni nyumba, njia na miti. Mpaka sasa nakodi watu na mashine na kila mtu ana ratiba yake, majani yananifika kiunoni ndo mtu anapokea simu. Sasa nimeonyeshwa trekta dogo la Kijapani, hosipawa 22, foowili (matairi yote manne yanavuta), lina loda mbele, ile baketi ya kubebea mzigo, mita ya saa za injini inasoma saa 890, rangi inang'aa kama limetoka kiwandani jana na stika zote ni za Kijapani. Muuzaji anasema kuna mtu mwingine anakuja kesho na hela mkononi. Mke wangu yeye anasema tuendelee kukodi. Mi sijawahi kumiliki trekta, gari tu. Nichukue? Na nikienda kuliangalia niangalie nini?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Huyo mtu wa kesho mwache aje kesho. Nimeangalia matrekta ya mtumba miaka mingi na sijawahi kukuta trekta lisilo na mtu wa kesho.

Tuanze na mama watoto, maana ana hoja na usimpuuze. Chukua kalamu tupige hesabu. Trekta la hosipawa 22 pale nyuma kwenye PTO, ile shafti inayozungusha zana, halitoi 22, zinapungua njiani kwenye gia, utabaki na 18 au 19 hivi. Kwa nguvu hiyo slasha, ile zana ya kufyekea majani, inayolifaa ni ya upana wa mita 1.2, ukilifunga kubwa zaidi litakwenda ila kwenye majani mazito litakuwa linakohoa. Ukienda mwendo wa kilomita 4 kwa saa, upana mita 1.2, ukatoa kama asilimia 20 ya kugeuza na kupitia juu ya mstari wa mwanzo, unabaki na karibu ekari moja kwa saa. Kwa hiyo ekari zako 8 ni siku nzima ya kukaa kwenye kiti, na ukifyeka mara tano kwa mwaka ni saa 40 na kitu. Ongeza kusomba mbolea na mchanga na loda, kuvuta tela, kutengeneza njia baada ya mvua, kupitisha rotaveta, ile zana ya meno yanayozunguka kulainisha udongo, kwenye zile ekari 2, utafika saa 90 mpaka 100 kwa mwaka. Hapo kumiliki kunaanza kuwa na maana. Ingekuwa ni kufyeka peke yake mara mbili kwa mwaka ningekwambia msikilize mkeo, hela yako ipumzike. Na ingekuwa ni zile ekari 2 za kulima tu, hata trekta usingelihitaji, pawatila, ile mashine ya kulimia unayoiongoza ukitembea nyuma yake, ingekutosha na chenji ingebaki.

Ila hata ukinunua usifikiri ndo umeachana na kukodi. Kulima kwa plau kwenye ardhi ngumu kunataka uzito kuliko hosipawa, trekta dogo lina kilo 800 au 1,000 hivi, ukilitia plau kwenye ardhi iliyokauka matairi yanazunguka palepale linachimba shimo lake lenyewe. Kwa hiyo kulima kwa kina mara moja kwa mwaka kodi trekta kubwa, akimaliza we unaendelea na rotaveta yako. Mwambie hivyo mama, atafurahi kwamba nusu ya hoja yake imepita.

Sasa hilo trekta lenyewe. Mimi kabla ya kwenda kuangalia injini huwa naanza na spea. Muombe muuzaji picha ya kile kibati cha modeli na namba, alafu kabla hujatoa hata nauli piga simu kwa wauza spea watatu tofauti uliza vitu vinne: filta ya oili, gasketi ya silinda hedi, pleti ya klachi na pampu ya maji. Usiulize "mna spea za hili trekta?" maana wote watasema zipo, uliza kitu kimoja kimoja na kinafika baada ya siku ngapi. Matrekta haya ya Kijapani, Yanmar, Kubota, Iseki, Mitsubishi, Shibaura, ni mazuri sana, sina ugomvi nayo, ila mengi yanayouzwa mtumba yalitengenezwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya kwao hukohuko na hayakuwahi kuuzwa mapya nje. Modeli moja inaweza kuwa injini yake inafanana na ya modeli iliyouzwa dunia nzima, ukapata spea bila jasho, na nyingine jirani yake kabisa kwa sura ukatafuta oili sili ya ekseli ya mbele mwezi mzima. Filta zikipatikana na klachi haipatikani, achana nalo hata kama ni zuri namna gani. Najua inauma.

Ukishajiridhisha na spea, nenda asubuhi na mwambie kabisa asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka mkono kwenye injini. Ikiwa ya moto jiulize kwa nini ameamka mapema hivyo kuipasha, maana dizeli iliyochoka inaficha ugonjwa wake ikishapata moto, inawaka kwa kuguswa tu, na we utaujua ukweli asubuhi ya kwanza kwako. Ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa rejeta (baridi tu, ya moto usiguse, itakuunguza uso) uangalie maji yana rangi gani na kama kuna oili inaelea juu. Chomoa kijiti cha oili ya injini. Oili nyeusi isikutishe, dizeli zote ziko hivyo, inayotisha ni ya rangi ya maziwa maana hapo maji yameshaingia. Alafu nenda kwenye oili ya giaboksi, na hapa watu wengi wanapita bila kuangalia. Kwenye matrekta mengi madogo oili ya giaboksi ndo hiyohiyo ya haidroliki, yani inayoinua zana, inafanya kazi zote mbili, na ni lita nyingi, 15, 20 na zaidi kwa mengine. Trekta likikaa nje miaka maji ya mvua yanashuka taratibu kupitia raba za levi za gia mpaka oili inakuwa kama uji. Ukiikuta hivyo si lazima ukimbie, ila jua unabadilisha oili yote na filta, pengine mara mbili mpaka itoke safi, na hiyo hela iondoe kwenye bei palepale.

Liwashe sasa. Moshi mweupe kidogo mwanzoni asubuhi ni kawaida, ukiisha ndani ya dakika moja mbili mshukuru Mungu. Ukiendelea kutoka injini ikiwa imeshapata moto, ni dizeli isiyoungua vizuri au maji yanapita kwenye gasketi. Wa bluu ni oili inaungua, ringi au vali zimechoka. Mweusi wakati linavuta mzigo mara nyingi ni filta ya hewa imeziba au nozeli, hiyo ni nafuu. Injini ikiwa inaunguruma fungua kifuniko cha kujazia oili, kamvuke kadogo sawa, ila likisukuma moshi kwa pumzi kama linakoroma, ringi hazishiki na hapo unanunua oveholi, yani injini kufunguliwa yote itengenezwe upya. Na uangalie tena kwenye rejeta, mapovu yasiyoisha ni habari ya silinda hedi.

Mita ya saa 890 sasa. Mpwa, mita isikulevye. Kwanza kwenye matrekta ya zamani mita inaendeshwa na waya unaotoka kwenye injini, inahesabu mizunguko, kwa hiyo saa moja ya mita inalingana na saa moja ya ukweli pale tu injini inapokwenda mzunguko wake wa kazi. Mtu aliyelitumia miaka kwa kulizungusha taratibu mita itasoma chini kuliko muda aliokaa juu yake. Pili mita inakufa na kubadilishwa, hiyo si siri. Mi nasoma mahali ambapo watu wanasahau kupaka rangi. Raba ya pedali ya klachi, kama imelika mpaka chuma kinaonekana hizo si saa 890. Tundu la kufungia tela nyuma, kama limekuwa refu kama yai badala ya duara. Pini za baketi ya loda, ishike uitikise uone inacheza kiasi gani. Usukani, levi, ukingo wa kiti. Dizeli ndogo iliyotunzwa inafanya saa 4,000 na kuendelea, kwa hiyo mi ningechukua la saa 2,500 lenye mwenyewe anayekumbuka lini alibadilisha oili, kuliko la 890 lenye rangi mpya na hadithi fupi.

Na hiyo rangi ndo inanipa mashaka kuliko vyote. Mi mwenyewe niliwahi kulizwa na rangi. Nilinunua moja linang'aa hivyohivyo, hata bolti zimepakwa, nikafurahi kama mtoto, wiki ya tatu ekseli ya mbele ikaanza kutoa oili kwenye pembe zote mbili, tulipokwangua rangi tukakuta wamejaza gundi ya gasketi nje ya sili zilizokufa, wakapaka juu. Tangu siku hiyo natembea na bisibisi na kitambaa. Futa, kwangua kidogo chini, angalia kuzunguka ekseli ya mbele, na hasa pale loda ilipofungwa kwenye bodi ya trekta, na ile nyumba ya chuma kizito inayounganisha injini na giaboksi. Loda nyingi zimefungwa baadaye kwenye matrekta ambayo hayakuundwa kubeba mzigo mbele, ukiona weldi mpya hapo au mstari wa ufa, ondoka. Matairi, njumu zikiwa zimelika ni bei tu, ila kwenye foowili soma saizi za mbele na za nyuma uulizie kama ndo zake. Matairi ya mbele yamepigiwa hesabu yazunguke mbele kidogo ya yale ya nyuma, mtu akija akaweka saizi aliyoipata mnadani, kila ukiingiza foowili kwenye ardhi ngumu gia za mbele na za nyuma zinagombana mpaka kitu kivunjike.

Klachi ijaribu kwa kupanda mlima na mzigo, gia ya juu, ukikanyaga mafuta injini ikapiga kelele na trekta halisogei, inateleza. Pleti yenyewe si bei kubwa. Kinachokula hela ni kwamba ili uifikie inabidi trekta ligawanywe katikati, injini huku, giaboksi kule, na hiyo ni kazi ya fundi siku mbili tatu. Haidroliki, inua zana nzito kwa mikono ya nyuma, zima injini, nenda kaongee na muuzaji. Ikiwa imeshuka polepole sana baada ya muda si kesi, ikishuka hukohuko unapogeuka, sili au vali zinavuja ndani. Na loda vilevile.

Tukiwa kwenye loda, usije ukanyanyua mzigo mbele bila uzito nyuma, slasha au hata pipa la zege kwenye ile mikono mitatu ya nyuma ya kufungia zana, na mzigo uende chini chini, karibu na ardhi. Trekta dogo ni jembamba, ukibeba baketi imejaa juu ya kichwa ukapita kwenye mteremko kwa ubavu, ndo basi. Hapa niulize, hilo ulilonyeshwa lina ule upinde wa chuma nyuma ya kiti, wa kukukinga likipinduka? Mengi ya Kijapani ya zamani hayana. Kama halina, bei ya kuufunga uliotengenezwa kwa modeli hiyo iingie kwenye hesabu siku hiyohiyo, sio "nitafunga baadaye", na usikubali bomba la kuchomelewa mtaani. Trekta likinyanyuka mbele kwenda nyuma halikupi hata sekunde mbili za kufikiria, na mkanda wa kiti unafungwa pale penye upinde tu, bila upinde mkanda unakufunga kwenye kitu kinachokulalia. Kitu chochote unachovuta kifunge kwenye chuma cha chini cha kuvutia, kamwe sio juu ya ekseli.

Karatasi sitakufundisha, namba za kwenye trekta zilingane na za kwenye karatasi na huyo anayekuuzia awe ndo mwenyewe.

Kwa hiyo mi naegemea ununue trekta, ila hilo lenye rangi ningelikaribia kama mtu anayekaribia mbwa asiyemjua. Na hela yako usiimalize yote kwenye trekta! Watu wananunua trekta wakarudi nyumbani na trekta tupu, halina slasha, halina rotaveta, halina tela, wanalitumia kwenda kuchota maji. Tenga theluthi moja kwa ajili ya zana, oili na filta zote mpya za siku ya kwanza, betri, na hitilafu moja ambayo mi na wewe hatukuiona.

SWALI: Mjomba habari za kazi. Mi nilishanunua, trekta dogo la zamani la hosipawa 20, na slasha. Shida yangu, nikiwa nafyeka nikikanyaga klachi nisimame, trekta halisimami, linaendelea kunisukuma mbele mita mbili tatu hivi. Juzi nusura niingie kwenye fensi. Fundi ameangalia breki anasema nzima. Nini hii?

JIBU: Nzuri dada, pole na fensi. Fundi wako hajakosea, breki hazina kosa. Kwenye matrekta mengi ya zamani PTO haijitegemei, inapita kwenye giaboksi ileile ya matairi na klachi ni moja. Ukikanyaga klachi injini inaachia, sawa, lakini ile panga ya slasha nzito bado inazunguka kwa kasi yake, na kwa sababu imeungana na giaboksi inarudisha nguvu kinyumenyume kwenye matairi. Yani slasha ndo inaliendesha trekta.

Dawa yake ni kiungo kidogo kinachokaa kati ya PTO na shafti ya slasha, kinafanya kazi kama friwili ya baiskeli, injini inazungusha slasha ila slasha haiwezi kuizungusha giaboksi. Kinaingia kwenye PTO ya kawaida yenye meno 6, hakihitaji fundi. Ila kitarefusha shafti yako kidogo, kwa hiyo kabla ya kuwasha inua na shusha slasha kwa mkono uone shafti haigongi mwisho, ikigonga inabidi ikatwe pande zote mbili. Mpaka ukipate, toa PTO kwanza ndo ukanyage klachi kusimama, na fyekea mbali na fensi.

Na lile gamba la plastiki la shafti lipo? Kwa mizunguko 540 kwa dakika shafti inazunguka mara 9 kila sekunde, ikishika ncha ya kanga au mkono wa shati hakuna muda wa kuzima kitu. Na usivuke juu yake ikiwa inazunguka hata kama unachukua kofia tu.

SWALI: Nina hela ya kuchagua kati ya mawili, yote mtumba, moja la gia za kawaida na jingine la haidrostatiki, unakanyaga pedali tu linakwenda, ukirudisha nyuma linarudi. Yote hosipawa 25. Kazi zangu ni loda kwa sana na kufyeka chini ya miti. Lipi?

JIBU: La pedali. Kazi ya loda ni mbele nyuma mbele nyuma mara mia kwa siku, kwa gia za kawaida mguu wa kushoto utakuchukia na klachi itakufa mapema. Chini ya miti pia unataka kusogea taratibu bila kupunguza mzunguko wa slasha. Linakula nguvu kidogo zaidi ya la gia, na ungekuwa mtu wa kulima ningekwambia kinyume.

Ila la pedali la mtumba lina kipimo chake. Litumie nusu saa mpaka oili ishike moto kabisa, ndo ulipeleke kwenye mlima. Likipanda vizuri la baridi alafu la moto linachoka na kulia kama mbwa, pampu imelika ndani, na hiyo pampu inaweza kukugharimu karibu nusu ya ulichonunulia trekta. Muulize pia alikuwa anaweka oili gani. Akisema "yoyote tu ya haidroliki", chukua la gia.